Nansio ndani ya Magu: kufunga orodha moja kwa nyingine kwenye fomu za Django

"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza mfumo wa kupokea samaki kwa kampuni moja hapa Mwanza. Natumia Django (zana ya Python ya kutengeneza mifumo ya wavuti), na makarani wanajaza taarifa moja kwa moja kwenye adimini, yaani kurasa za usimamizi zinazokuja na Django. Fomu ina orodha nne za kuchagua: mkoa, wilaya, kata na mwalo (mahali mitumbwi inaposhushia samaki), na zote nne zinahifadhiwa. Nataka karani akichagua Mwanza aone wilaya za Mwanza tu, akichagua Ilemela aone kata za Ilemela, hivyo hivyo hadi mwalo. Nilianza na `formfield_for_foreignkey`, ikagoma. Nikachukua JavaScript mtandaoni, nikaziacha orodha za chini tupu ili zijazwe na huo msimbo. Zikaanza kubadilika vizuri, lakini nikihifadhi naambiwa nilichochagua hakimo kwenye machaguo. Nikaamua seva ikubali kata zote na mialo yote. Sasa inahifadhi, ila bosi amekuta Nansio, ambayo ni ya Ukerewe, imeandikwa iko Magu. Tena nikifungua rekodi ya zamani kuirekebisha, mwalo unatoweka. Je, Django haifai kwa kazi hii? Nihamie kwingine?"

Marahaba mdogo wangu. Habari ya Nansio kuwa Magu imenichekesha, na si kwa dharau: na mimi yalinikuta. Miaka ya nyuma niliwatengenezea watu wa vifurushi fomu yenye orodha za namna hiyo hiyo. Hapa Ilemela tuna kata inaitwa Kahama, na kule Shinyanga kuna Kahama ambayo kila mtu anaijua. Kifurushi cha mama mmoja wa Kahama ya hapa kikapandishwa basi, kikaenda kulala Kahama ya huko siku mbili. Mfumo haukulalamika hata kidogo. Kwenye skrini ya karani kila kitu kilikuwa kimenyooka, na mimi nilikuwa nimeshalipwa.

Umeleta malalamiko matatu: orodha hazifuatani, seva inakataa, na rekodi ya zamani inapoteza mwalo. Umeyaona kama matatizo matatu ndiyo maana ukayatibu moja moja, na kila dawa ikazaa ugonjwa mwingine. Chanzo ni kimoja. Umeichukulia orodha iliyo kwenye kivinjari na orodha iliyo kwenye seva kuwa kitu kimoja, kumbe ni orodha mbili tofauti zinazotengenezwa kwa nyakati tofauti. Ukilishika hilo, mengine yatakuwa kazi ya mchana mmoja.

Na hapana, usihame. Ungehamia zana nyingine kama Laravel au Rails ungekutana na jambo hili hili, kwa sababu linatokana na namna wavuti yenyewe inavyofanya kazi. Orodha ya kuchagua katika HTML haijui kuwa ina jirani. Kisanduku cha wilaya hakina habari kwamba hapo juu yake kuna kisanduku cha mkoa. Hakuna lugha ya kukiambia "mfuate mwenzako" isipokuwa mtu aandike msimbo wa kufanya hivyo.

Tufuate safari ya fomu yako. Karani anabofya "Ongeza". Ombi linakwenda kwenye seva, Django inajenga fomu nzima, inajaza kila orodha kutoka kwenye hifadhidata, inatuma ukurasa, kisha inasahau. Karani wakati huo hajachagua chochote. Ndipo unapoona kwa nini `formfield_for_foreignkey` iligoma. Hiyo ni kazi (function) ambayo Django huiendesha wakati fomu inajengwa, na inapewa vitu viwili vya maana: kisanduku kinachohusika na ombi lililokuja. Ombi la kufungua ukurasa mtupu halina mkoa ndani yake. Ulikuwa unaiuliza jana kuhusu jambo ambalo karani atalifanya kesho. `limit_choices_to`, kichujio kinachowekwa kwenye modeli, nayo ina upofu huo huo: inaweza kusema "mialo inayofanya kazi tu", haiwezi kusema "mialo ya kata aliyoichagua sasa hivi".

Lakini usiitupe kabisa `formfield_for_foreignkey`. Inajua nani ameingia kwenye mfumo. Kama karani wako wa Nansio kazi yake ni Ukerewe tu, mfungie orodha ya mialo ya Ukerewe kwa kuangalia mtumiaji aliye kwenye ombi. Kabla hujaandika mstari wowote wa JavaScript, kaulize ofisini: hivi kila karani ana eneo lake? Jibu likiwa ndiyo, huenda mnyororo wote wa orodha nne ukawa hauna kazi.

Sasa safari ya pili. Karani amejaza, amebonyeza Hifadhi. Django haiikumbuki ile fomu ya mwanzo. Inajenga fomu nyingine mpya, inajaza orodha zake upya kwa kanuni ulizoandika, kisha inalinganisha namba iliyoletwa na orodha hiyo. JavaScript yako iliweka mialo ya Kirumba kwenye kivinjari cha karani. Seva haikuona jambo hilo. Kwenye fomu iliyojengwa upya orodha ya mialo ilikuwa tupu, kama ulivyoiagiza, kwa hiyo mwalo wowote ungeletwa ungekataliwa. Ule ujumbe wa kukataa ulikuwa mlinzi anayefanya kazi yake. Ulipoamua seva ikubali mialo yote, ulimfukuza mlinzi ukabaki na geti.

Wewe unafanya kazi na watu wa samaki, utanielewa nikisema hivi: sangara hupimwa mwaloni, na akifika kiwandani hupimwa tena. Hakuna mwenye kiwanda anayelipa kwa kuangalia mzani wa mwaloni peke yake, hata kama mpimaji ni shemeji yake. Orodha ya kwenye kivinjari ni mzani wa mwaloni. Inamsaidia karani asihangaike. Seva ndiyo inayolipa.

Na Nansio iliingiaje Magu? Sijaona msimbo wako, ila kwa maelezo yako naweza kutaja njia mbili. Karani alichagua Ukerewe, akachagua kata na mwalo wa Nansio, kisha akarudi juu akagusa wilaya kwa bahati mbaya, na JavaScript haikufuta vilivyokuwa chini. Au alibadilisha wilaya mtandao ukakata kabla orodha mpya haijafika, akabaki na ile ya zamani bila kujua. Kwa mtandao wa visiwani naweka dau kwenye hii ya pili. Kwa vyovyote vile, seva ilipokea namba nne zisizoafikiana na ikazihifadhi zote nne.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa kubwa liko kwenye hifadhidata, huko ambako JavaScript haifiki. Kwa nini unahifadhi vitu vinne? Mwalo unajua kata yake. Kata inajua wilaya yake. Wilaya inajua mkoa wake. Ukihifadhi mwalo peke yake kwenye rekodi ya mapokezi, mengine yote yanapatikana kwa kupanda ngazi, na Nansio haiwezi tena kuwa Magu hata karani akitaka kwa makusudi, maana hakuna safu ya kuandikia uongo huo. Visanduku vya mkoa, wilaya na kata vibaki kwenye fomu kama ngazi za kumfikisha karani kwenye mwalo. Visiwe safu za jedwali la mapokezi.

Kuna faida nyingine ya kufanya hivyo, na watu wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuijua kuliko wengine. Mwaka 2012 Geita ilifanywa kuwa mkoa. Kabla ya hapo ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza. Mwaka huo huo ulizaliwa Mkoa wa Simiyu, na Busega iliyokuwa sehemu ya Magu ikaenda huko. Mwenye mfumo aliyeandika mkoa kwenye kila rekodi alikuwa na maelfu ya mistari ya kurekebisha. Aliyeacha wilaya iujue mkoa wake alibadilisha mistari michache tu. Sitakuficha upande wa pili: kwa njia hii ripoti ya samaki wa mwaka 2010 ukiichapisha leo itaonesha Geita kama mkoa, jambo ambalo kwa wakati huo halikuwa kweli. Kama kampuni yako inahitaji ripoti zisizobadilika kamwe, kwa mfano za ukaguzi, basi hifadhi nakala ya majina kama maandishi siku ya kupokea, iwe kumbukumbu tu isiyotumika kuchuja kitu.

Halafu angalia unachokiita wilaya. Mkoa wa Mwanza una wilaya 7 lakini halmashauri 8, kwa kuwa Buchosa ni halmashauri iliyo ndani ya Wilaya ya Sengerema. Jiji la Mwanza nalo ni halmashauri, wilaya yake ni Nyamagana. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri. Kama stakabadhi zenu zinaonesha nani alilipwa ushuru, ngazi yako ya pili inatakiwa kuwa halmashauri, la sivyo samaki wa Buchosa wataandikwa Sengerema na mtagombana na wahasibu. Kuanzia hapa nitasema halmashauri.

Tuje kwenye fomu. Kanuni ni kwamba fomu inapojengwa, ijiulize iko katika hali gani kati ya tatu: ni mpya na tupu, ni rekodi ya zamani inafunguliwa, au imerudi na majibu ya karani. Kila hali ina chanzo chake cha kujua orodha ya chini ijazwe nini. Nitakuonesha ngazi mbili tu, halmashauri na mwalo. Za katikati unaongeza kwa mtindo huo huo.

```python
class MapokeziForm(forms.ModelForm):
    halmashauri = forms.ModelChoiceField(
        queryset=Halmashauri.objects.all(), required=False)

    def __init__(self, *args, **kwargs):
        super().__init__(*args, **kwargs)
        if "mwalo" not in self.fields:
            return
        chaguo = None
        if self.is_bound:
            chaguo = self.data.get(self.add_prefix("halmashauri"))
        elif self.instance.pk:
            chaguo = self.instance.mwalo.kata.halmashauri_id
            self.initial["halmashauri"] = chaguo
        mialo = Mwalo.objects.none()
        if str(chaguo or "").isdigit():
            mialo = Mwalo.objects.filter(kata__halmashauri_id=chaguo)
        self.fields["mwalo"].queryset = mialo
```

Soma polepole. `self.is_bound` maana yake fomu imeletwa na majibu ndani, kwa hiyo tunasoma halmashauri aliyoichagua karani na kujenga mialo ya hapo. Seva sasa ina orodha ile ile aliyoiona karani, na uhakiki wa Django unafanya kazi bila kuuzima. Karani akileta mwalo wa Nansio na halmashauri ya Magu, anakataliwa, kama inavyotakiwa. Hali hii ndiyo pia inayookoa fomu iliyorudi kwa kosa jingine, mfano uzito haukujazwa: orodha ya mialo inarudi ikiwa imejaa badala ya kurudi tupu.

`self.instance.pk` maana yake ni rekodi ya zamani. Hapo ndipo mwalo wako ulikuwa unatoweka. Fomu ilikuwa haijui halmashauri ya rekodi, orodha inakuja bila mwalo uliohifadhiwa, na kivinjari hakiwezi kuonesha kama kimechaguliwa kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Sasa tunapanda ngazi kutoka kwenye mwalo kwenda juu, tunajaza vyote viwili. Ila angalia na JavaScript yako: nyingi zinazonakiliwa mtandaoni zina mstari wa kujiendesha mara ukurasa unapofunguka, unaofuta orodha ya chini na kuiomba upya. Hata seva ikifanya kazi yake vizuri, mstari huo utaufuta mwalo tena. Uondoe.

Ule mstari wa kuangalia kama `mwalo` imo ni kwa ajili ya mtu mwenye ruhusa ya kutazama tu. Django humwondolea visanduku vya kujaza, na bila kinga hiyo ukurasa wake utaanguka. Niliwahi kulijua hilo siku ya kuonesha mfumo mbele ya mkurugenzi, yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutazama.

Sasa mzani wa mwaloni. Unahitaji anwani moja kwenye seva inayopokea namba ya halmashauri na kurudisha mialo yake kwa JSON. Iweke ndani ya `ModelAdmin` yako (darasa linaloendesha kurasa za adimini za jedwali) kwa kupanua `get_urls`, na anwani yako itangulie zile za Django, kwani mwishoni mwa orodha yake Django ina njia inayomeza karibu kila kitu. Ifunge kwa `self.admin_site.admin_view`. Hiyo inahakikisha aliyeomba ameingia na ni mtumishi, lakini haiangalii kama ana ruhusa juu ya jedwali hilo. Ongeza mwenyewe `has_view_permission`. Majina ya mialo si siri, lakini kesho utanakili msimbo huo huo kwa orodha ya wauzaji na madeni yao.

Faili la JavaScript unaliunganisha kupitia darasa la `Media`. Kazi yake inaelezeka: halmashauri ikibadilika, futa orodha ya mialo hapo hapo kabla ya kuomba mpya, izime isibofyeke, andika "Inapakia", kisha omba. Majibu yakija, jaza na uifungue. Yasipokuja, andika kwamba mtandao umekatika na umpe karani kitufe cha kujaribu tena. Kufuta kwanza ndiko kunakoziba ile njia ya pili ya Nansio.

Kuna mtego ambao ukiwa mjini na bando zuri hutauona. Karani anachagua Sengerema, anagundua amekosea, anachagua Ilemela haraka. Maombi mawili yako njiani. Mtandao ukisuasua, jibu la Ilemela linaweza kutangulia na la Sengerema likafuata, na la mwisho kufika ndilo linalobaki kwenye skrini. Karani anaona Ilemela juu na mialo ya Sengerema chini. Kila unapoanza ombi jipya, katisha lililotangulia kwa `AbortController`, au angalau jibu likifika lilinganishe na kilichochaguliwa sasa kabla ya kujaza. Kwa fomu yetu mpya seva ingelikataa hilo, sawa, lakini karani atakuwa amepoteza dakika na hasira yake utaisikia kwa simu.

Na kama kisanduku cha juu kinatumia Select2, yaani vile vya utafutaji vya adimini, `addEventListener` ya kawaida inaweza isisikie mabadiliko, kwa sababu Select2 hutangaza kwa njia ya jQuery, maktaba ya JavaScript inayokuja na adimini. Sikiliza kupitia `django.jQuery`. Nimeona watu wakihangaika siku nzima hapo wakidhani faili halijapakiwa.

Mistari mingi ndani ya fomu moja, ile ya kuongeza safu za aina za samaki, ina mambo yake: kila mstari una jina lenye namba katikati, na mstari mpya unaongezwa baada ya ukurasa kufunguka, kwa hiyo msimbo wako lazima usikilize tukio la `formset:added`. Kuanzia Django 4.1 tukio hilo ni la kawaida la JavaScript, si la jQuery tena; mifano mingi ya zamani itakudanganya. Ukiweza, weka uchaguzi wa mwalo kwenye fomu kuu, mistari ibaki na sangara, sato, dagaa na uzito.

Baada ya yote haya nikwambie ninavyofikiri kweli: kwa kazi yako nisingejenga mnyororo wa orodha nne. Karani aliyesimama Mwaloni Kirumba anajua yuko Kirumba. Kwa nini tumpandishe hadi mkoani kisha tumshushe ngazi tatu, mara nyingi kwa siku, wakati dagaa wanasubiri kupimwa? Mpe kisanduku kimoja cha kutafuta. Django inacho tayari tangu toleo la 2.0, kinaitwa `autocomplete_fields`. Unaandika kwenye adimini ya `Mwalo` kwamba `search_fields` ni jina la mwalo, jina la kata na jina la halmashauri, na kwenye adimini ya mapokezi unataja `mwalo`. JavaScript ya kuandika ni sifuri. Karani akiandika "kayenze ilemela", Django inatafuta mwalo unaokubaliana na maneno yote mawili, inaleta 20 kwa mkupuo. Hakikisha `__str__` ya mwalo, yaani maandishi yanayooneshwa kama jina lake, inaonesha ngazi zote, mwalo, kata, halmashauri, ili Kahama ya Ilemela isichanganywe na nyingine.

Hiyo `__str__` ndefu ina gharama yake, usiipuuze. Chukua mfano wa orodha ya kata: kila jina likionesha halmashauri na mkoa, Django inaenda hifadhidata mara mbili zaidi kwa kila kata usipotumia `select_related`, ambayo huleta ngazi za juu kwa ombi moja. Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900. Ukizitupa zote kwenye orodha ya kawaida, hayo ni maombi kama 7,800 kwa hifadhidata kwa ajili ya kisanduku kimoja. Na kama orodha hiyo iko kwenye fomu ya mistari mingi, Django kwa kawaida huweka mistari 3 mitupu pamoja na kiolezo kimoja kilichofichwa, kila kimoja na orodha yake. Zidisha kwa 4. Kwa makadirio ya baiti 60 kwa kila jina, ukurasa unabeba karibu megabaiti moja ya majina ya kata kabla karani hajaona chochote. Ndiyo sababu mtu wa Ukerewe anakwambia "mfumo wako ni mzito" na wewe kwenye laptopu yako huuoni uzito. Kwenye adimini ya `Mwalo` panua `get_queryset` na uweke `select_related` humo. `list_select_related` inasaidia ukurasa wa orodha tu, kisanduku cha kutafuta hakiiangalii.

Mnyororo una mahali pake. Mtu asiyejua majina, kwa mfano mkaguzi kutoka Dar es Salaam anayetaka kuona mialo gani ipo Muleba, orodha inayomwongoza itamfaa kuliko kisanduku kitupu kinachosubiri aandike. Ukihitaji mnyororo na hutaki kuuandika mwenyewe, kuna django-smart-selects, ambayo inakuwekea uhusiano ndani ya modeli, na django-autocomplete-light, ambayo inaruhusu kisanduku kimoja kupeleka thamani yake kwa kingine. Ya kwanza ni nyepesi kuanza nayo lakini inakutaka uhifadhi ngazi zote kwenye jedwali, jambo ambalo nimekwambia uliache. Ya pili inafanya kazi vizuri, ila ina mambo mengi ya kujifunza kwa mtu anayetaka kisanduku kimoja. Zote mbili ni vifurushi vya watu wengine. Kila ukipandisha toleo la Django utasubiri navyo vipandishwe.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami sitaliacha: rekodi zilizokwisha kuharibika. Kurekebisha fomu hakuziponyi. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, uijaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine uone inafunguka. Kisha zitafute: rekodi zote ambazo halmashauri iliyoandikwa si ile inayotokana na mwalo wake, na zile ambazo kata iliyoandikwa si kata ya mwalo. Kwa kawaida ngazi ya chini ndiyo ya kuamini, kwa kuwa karani alichagua mwalo akiwa na mtumbwi mbele yake. Lakini usizibadilishe kwa amri moja. Chukua chache ulinganishe na stakabadhi za karatasi. Kama chache hizo zinakubali, endelea, na hata hapo weka kumbukumbu ya thamani ya zamani.

Na hapa naomba usifanye peke yako. Ikiwa malipo ya wavuvi au ushuru yalishahesabiwa kwa rekodi hizo, hilo si suala la kuandikiana tena. Mwite mtu aliyewahi kurekebisha hifadhidata iliyo hai, akae kando yako mezani, na mhasibu wa kampuni awepo, kwa sababu kuna maswali ambayo Python haina majibu yake: fedha iliyokwenda Magu badala ya Ukerewe inarudije? Vivyo hivyo kama unaandika msimbo moja kwa moja kwenye seva ya kazi bila nakala ya majaribio. Uliposema "nikaamua seva ikubali", nilipata hofu kwamba ulifanya hivyo makarani wakiwa kazini.

Anza na nakala ya hifadhidata leo jioni, watu wakishafunga. Kesho weka `autocomplete_fields` kwenye mashine yako, umpe karani mmoja ajaribu kwa simu yake mwenyewe, akiwa mwaloni, si ofisini kwako.